Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kuandika CV baada ya kujiajiri (kwa watu wa Mwanza na kando ya ziwa)

Niliuza mitumba ya watoto Makoroboi kwa miaka 5, mwaka 2022 nikarudi kwenye ajira kama karani wa stoo, na tangu hapo jioni nikitoka kazini napitia steshenari moja ya Nyegezi kusaidia watu kuandika CV. Maswali ni yale yale, anakuja dada wa Igoma anauliza hiki, kesho yake kaka katoka Sengerema anauliza hicho hicho, kwahiyo nimeyakusanya hapa. Nimeyapa namba ili nisirudierudie, nikisema angalia swali fulani basi lifuate huko.

## Mambo ya mwanzo

1. Nilijiajiri miaka minne. Huo ni uzoefu au ni pengo?

Ni uzoefu. Pengo ni pale CV inapokaa kimya, na hili ndo linaniuma kuliko yote, maana nakutana na mtu CV yake inaonyesha alimaliza chuo 2018 afu hakuna kitu mpaka leo, ukimuuliza ulikuwa wapi anasema "nilikuwa tu mtaani nauza uza", kumbe hiyo uza uza ni duka la vipodozi Igoma lililokuwa linalipa kodi ya fremu kila mwezi, lina binti wa kuuza analipwa mshahara, na limesomesha wadogo zake wawili. Miaka minne ya kazi ya kila siku ameifuta mwenyewe kwa mkono wake.

Mwajiri akikuta kimya anakijaza kwa mawazo yake, na anachojaza huwa sio kizuri. Atadhani ulifukuzwa mahali unaficha, au ulikaa nyumbani unasubiri. Mwambie ulichokuwa unafanya.

2. Niandike cheo gani? Mkurugenzi?

Hapana, labda kama kweli ulikuwa na kampuni iliyosajiliwa na wewe ndo mkurugenzi kwenye nyaraka zake. Mtu alikuwa na kibanda cha kutoa na kuweka pesa pale Buzuruga afu anaandika "Mkurugenzi Mtendaji", anayesoma anapata mashaka mawili kwa mpigo, la kwanza kwamba huyu anakuza mambo, la pili kwamba mkurugenzi atakubali vipi kuja kuwa karani wangu.

Andika kazi yenyewe ilivyo. Wakala wa huduma za fedha kwa simu. Fundi umeme wa kujitegemea. Mmiliki na msimamizi wa duka la rejareja. Dereva bajaji wa kujitegemea. Mama lishe aliyekuwa na wasaidizi anaweza kuandika "Mmiliki na mpishi mkuu, huduma ya chakula" na hakuna uongo wowote hapo. Afu kama unaomba kazi ya stoo, unaruhusiwa kabisa kusogeza mbele upande wa stoo, mfano "Mmiliki, ununuzi na usimamizi wa stoo", kwa sababu ni kweli ulifanya yote mawili na msomaji anatafuta hilo la pili.

3. Biashara yangu haikuwa na jina

Usitunge jina. Andika aina ya biashara, mahali na miaka: "Biashara binafsi ya mitumba ya watoto, Makoroboi, Mwanza, Juni 2017 hadi Mei 2022". Inatosha. Yangu iliandikwa hivyo hivyo na niliitwa kwenye usaili.

Na tafadhali usikimbilie kusajili jina BRELA (wakala wa serikali wa usajili wa biashara) wiki hii ili ionekane ulikuwa nalo tangu 2019. Cheti cha usajili kina tarehe yake, siku ukiambiwa ukilete utaaibika.

4. Sikuwa na leseni wala TIN, si nitajishitaki nikiandika?

CV haiulizi namba ya leseni. Inauliza ulifanya nini, wapi, kwa muda gani. Kama ulikuwa na TIN (namba ya mlipakodi), leseni ya halmashauri au usajili wa BRELA, utaje kwa mstari mmoja maana unaongeza uzito. Kama hukuwa navyo, usitaje na usidanganye kwamba ulikuwa navyo.

Wengi hapa mjini walifanya kazi na kile kitambulisho cha mjasiriamali mdogo kilichoanza kutolewa mwishoni mwa 2018 kwa shilingi 20,000, kwa wale ambao mauzo yao yalikuwa hayazidi milioni 4 kwa mwaka. Kama unacho kitunze, ni ushahidi kwamba ulikuwepo. Ila soma swali la 6 kabla hujaandika hesabu za pesa.

## Kuandika yenyewe

5. Sasa kazi zenyewe naziandikaje? Mi niliuza tu dagaa

Hilo neno "tu" liondoe kwanza. Kaka mmoja alikuja na mstari mmoja umeandikwa "Nilijishughulisha na biashara ya dagaa 2019 hadi 2023" na anaomba usimamizi wa ghala kwenye kiwanda cha kusindika samaki. Nikamwambia kaa hapo, nieleze ulikuwa unafanya nini tangu unatoka nyumbani mpaka hela inaingia mfukoni, we ongea mi naandika.

Ikatoka kwamba anavuka kwenda Ukara, anapatana bei na wavuvi kipindi cha giza (dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, mbalamwezi ikiwaka wavuvi wengi wanapumzika, kwahiyo mtaji lazima upangwe kwa mzunguko wa mwezi), anakagua dagaa waliokauka na wasio na mchanga, anafunga magunia, anakodi nafasi kwenye boti, anapokea mzigo soko la samaki la Mwaloni pale Kirumba, anawauzia wanunuzi wa hapa na wa kutoka Kongo na Rwanda, wengine wanachukua kwa mkopo na yeye ndo anafuatilia hela mpaka inaisha. Huo ni ununuzi, ukaguzi wa ubora, usafirishaji, stoo, mauzo na ufuatiliaji wa madeni. Kiwandani hizo ni meza tofauti tofauti na yeye alikuwa amezikalia zote peke yake, afu kwenye CV kaandika "nilijishughulisha".

Tukamaliza hivi:

*Mmiliki na msimamizi, biashara ya dagaa wakavu, Ukara na Kirumba Mwaloni, Machi 2019 hadi Agosti 2023*
*– Nilinunua wastani wa magunia 30 kwa mwezi kutoka kwa wavuvi na kuyasafirisha kwa boti hadi Mwanza.*
*– Nilikagua ukavu na usafi wa dagaa kabla ya kupokea, na kukataa mzigo usiofaa.*
*– Niliacha kuanika mchangani nikaanza kutumia vichanja, mzigo uliokuwa unaharibika kwa mvua ukapungua.*
*– Niliongoza vibarua 4 wa kuanika, kufunga na kupakia.*
*– Nilitunza daftari la mzigo unaoingia, unaotoka na madeni ya wateja.*

Angalia kila mstari unaanza na kitu alichofanya. Hakuna "mchapakazi", hakuna "mbunifu", hakuna "naweza kufanya kazi chini ya shinikizo", maneno ambayo kila mtu anakopi kutoka CV ya mwenzake na hayasemi kitu. Na ule mstari wa vichanja ndo ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu unaonyesha mtu aliona tatizo akalitatua kwa akili yake bila kuambiwa na bosi. Kila mtu aliyejiajiri ana angalau mmoja wa namna hiyo, kaa chini uutafute.

Na kitu kimoja, anayesoma anaweza kuwa katoka Dar au Arusha, ukimwandikia "magunia 30 kwa giza moja" hataelewa. Andika kwa mwezi.

6. Sikuweka hesabu. Namba nazitoa wapi?

Unazo, ila hujui kama unazo. Meseji za miamala kwenye simu, taarifa ya miamala ukiomba kwenye mtandao wako wa simu, daftari la madeni, risiti za mzigo wa jumla, mkataba wa fremu. Hata bila hivyo unaweza kuhesabu kurudi nyuma. Mama mmoja wa chakula pale Nyakato aliniambia hana namba hata moja, nikamuuliza mama, siku ya kawaida ulikuwa unapika kilo ngapi za mchele, akasema nane bila kufikiria, sahani je, kama arobaini, wasaidizi wawili, siku sita kwa wiki. Namba hizo hapo, na hawezi kuzisahau hata akiamshwa usiku.

Weka namba ambayo ukiulizwa "uliipataje" unaweza kuieleza hapo hapo. Ikiwa ni makadirio andika "wastani wa".

Shilingi ndo sehemu ya hatari. Kwanza watu wanachanganya mauzo na faida, mtu anaandika "nilitengeneza milioni 3 kwa mwezi" kumbe hayo ni mauzo na mkononi ilibaki laki nne, akiulizwa kwenye usaili anababaika anaonekana mwongo na wala hakukusudia. Pili namba zako zisigongane. Ukibeba kitambulisho cha mjasiriamali cha mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka afu CV inasema milioni 40, umejifunga mwenyewe, na hilo la kodi ni la kumalizana na TRA, CV haiwezi kulitengeneza. Kwa kazi nyingi sahani, magunia, wateja, safari na watu uliowasimamia vinaeleza vizuri kuliko shilingi.

7. Nimefanya vitu vingi: bodaboda, mitumba, kibanda cha pesa, kufuga kuku. Niandike vyote?

Inategemea unaomba nini. Viwili vilivyo karibu na kazi unayoomba vipe nafasi na mistari, vilivyobaki vikusanye kwenye mstari mmoja, mfano "2016 hadi 2018: shughuli binafsi za usafirishaji wa abiria na ufugaji wa kuku, Ilemela". Hivyo miaka imejaa na msomaji hajapotea. Ukiandika vitu saba kila kimoja na tarehe zake anaona mtu asiyetulia, wakati ukweli ni kwamba ulikuwa unatafuta riziki kama kila mtu.

Kama unaomba udereva kwa mkandarasi wa migodini Geita, basi hiyo bodaboda au bajaji na leseni ya udereva na madaraja yake ndo vinapanda juu. CV ya udereva na CV ya uuzaji dukani zisiwe karatasi moja, hata kama mtu ni yule yule.

8. Iwe kurasa ngapi? Picha? Umri? Dini?

Mbili zinatosha. Majina, simu, barua pepe, mtaa na mji, afu maelezo ya mistari mitatu, uzoefu, elimu, mafunzo, lugha, wadhamini (watu wa kuthibitisha kazi yako). Uzoefu uwe juu ya elimu kama umefanya kazi zaidi ya miaka mitatu. Picha weka pale tu tangazo limetaka. Dini, kabila na jina la mume usiweke, namba ya NIDA nayo usiisambaze kwa kila tangazo la WhatsApp, itoe pale penye fomu rasmi inayoitaka.

9. Kiswahili au Kiingereza?

Fuata lugha ya tangazo. Tangazo likiwa la Kiingereza na Kiingereza chako ni cha kuungaunga, andika sentensi fupi unazozielewa mwenyewe, maana usaili unaweza kuwa kwa lugha hiyo hiyo na mtu akikusomea mstari wa CV yako akuulize maana yake, hutaki kushangaa. Nimeona CV zimepitishwa kwenye programu ya kutafsiri zikatoka na "fish bones" badala ya dagaa. Andika "dried sardines (dagaa)", wa huku wataelewa na wa mbali pia.

## Wadhamini na ushahidi

10. Sikuwa na bosi. Wadhamini niweke nani?

Hapa ndo wengi wanakwama na wanaishia kuweka mjomba. Fikiria ni nani aliyeona kazi yako na hela yake ilikuwa inapita mkononi mwako. Muuzaji wa jumla aliyekupa mzigo kwa mkopo na ukalipa. Mteja mkubwa, kama shule au hoteli uliyokuwa unaipelekea samaki. Mwenye fremu uliyopanga kwake miaka mitatu. Mwenyekiti au katibu wa kikoba au SACCOS yenu, hasa kama ulishika uhasibu. Kiongozi wa soko. Mtu aliyefanya kazi chini yako naye anaweza, kama mdhamini wa tatu.

Mwenyekiti wa mtaa anaweza kuthibitisha unaishi wapi ila ubora wa kazi yako haujui, asiwe peke yake. Mchungaji na sheikh vivyo hivyo.

Wapigie kabla. Waambie unaomba kazi gani, na mkumbushane tarehe. Kijana mmoja alikosa nafasi niliyoona kabisa ni yake, mdhamini alipigiwa akasema "huyo namfahamu ila sikumbuki alikuwa anafanya nini", basi ikaishia hapo. Mtu anauza nyanya Soko Kuu yuko bize, hawezi kukumbuka miaka yako kama hukumkumbusha.

11. Nibebe ushahidi gani siku ya usaili?

Chochote ulichonacho, kwenye faili, kimepangwa kwa miaka: leseni, TIN, kitambulisho, mkataba wa pango, risiti za jumla, barua ya mteja, picha za kazi kama we ni fundi. Picha kwa fundi aluminiamu, seremala au fundi nguo zina nguvu kuliko maneno. Ulijiajiri mwenyewe, huna bosi wa kukuandikia barua, kwahiyo muombe mteja wako mmoja mkubwa aandike nusu ukurasa, aweke saini na simu yake, wengi wanakubali ukiwaomba kwa heshima.

12. Mi ni fundi wa kujifunzia mtaani, sina cheti. Nitaandikaje?

Andika ulijifunzia wapi na kwa muda gani: "Mafunzo ya ufundi magari kwa vitendo, gereji ya Mabatini, 2014 hadi 2016", afu kazi zako. Ila usiishie hapo, VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi) wana utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, wanakupima kwa kazi unayoijua tayari, ukifaulu unapata cheti bila kuanza masomo upya darasani. Nenda chuo cha VETA uliza utaratibu huo kwa jina lake, urasimishaji wa ujuzi. Unakuta ngosha (mwanaume wa Kisukuma) amefungua injini za boti miaka kumi, anasikia mlio tu anajua tatizo liko wapi, na anakatwa kwenye orodha ya kwanza kwa kukosa karatasi. Inauma, na inaweza kuzuilika.

## Mazingira magumu

13. Biashara ilikufa. Niseme?

Kwenye CV unaandika tarehe ya mwisho, sababu sio lazima. Pale sababu ikiwa wazi na haikutokana na wewe, weka maneno machache yatakusaidia. Waliokuwa wanauza chakula na bidhaa kwa abiria wa kivuko cha Kigongo na Busisi wanajua, daraja la JPM (John Pombe Magufuli) la hapo lilipofunguliwa Juni 2025 magari yakawa yanapita moja kwa moja, wateja waliokuwa wanasubiri kivuko hawapo tena. Andika "Biashara ilifungwa baada ya kivuko kuacha kutumika", mtu yeyote wa kanda hii anaelewa.

Kama ilikufa kwa madeni au mtaji kuliwa na matibabu ya mzazi, hayo ni ya kujibu kwa ufupi ukiulizwa kwenye usaili: nini kilitokea, ulimalizaje na watu waliokuwa wanakudai, ulijifunza kupanga nini tofauti. Aliyefunga biashara akalipa wadai wake mmoja mmoja ana cha kusimulia, na mwajiri anayeweka watu kwenye pesa atakisikiliza.

14. Biashara bado ipo, dada yangu ndo anaiangalia. Niandike "hadi sasa"?

Andika ukweli: "2020 hadi sasa, kwa sasa inasimamiwa na ndugu". Mwajiri anachoogopa ni kwamba utakuwa unatoroka saa tano kwenda dukani, au unauza kitu kile kile anachouza yeye. Kama biashara yako inagongana na ya mwajiri, mfano unaomba afisa mauzo kwa msambazaji wa vinywaji na wewe una duka la jumla la vinywaji Pasiansi, sema mapema kabla hujasaini, ikigundulika baadaye hata kama hukuiba watasema uliiba.

15. Leseni ilikuwa na jina la mume wangu ila duka niliendesha mimi

Dada yangu, kazi uliifanya wewe, iandike. Cheo kiwe "Msimamizi wa duka", usiandike mmiliki kwa sababu nyaraka zitasema vingine. Majukumu yote uliyofanya yaandike kama kwenye swali la 5. Mdhamini asiwe mume wala shemeji, awe muuzaji wa jumla aliyezoea kukuona wewe ndo unakuja kuchukua mzigo. Hili linahusu pia vijana waliosimamia duka la baba miaka minne bila mshahara, kutolipwa hakufuti kazi.

16. Kuna rafiki ana kampuni, amesema ataniandikia barua kwamba niliajiriwa kwake

Usikubali. Najua inavutia, miaka yote inakaa sawa kwa karatasi moja na unaona kama haimdhuru mtu. Ila mwajiri mpya akikuuliza namba ya uanachama NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) na taarifa ya michango, hiyo miaka minne haina hata shilingi, utasema nini? Na anaweza kupiga simu kwenye hiyo kampuni ikapokelewa na mtu asiyekujua. Serikalini ndo kabisa, mwaka 2017 uhakiki wa vyeti uliwatoa kazini watumishi 9,932 waliokutwa na vyeti vya kughushi, wengine walikuwa na miaka mingi kazini. Ukweli wako ukiandikwa vizuri hauhitaji hiyo barua.

Tofauti ni kama kabla ya kujiajiri ulikuwa umeajiriwa kweli na uliondoka bila kupewa chochote. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akupe cheti cha utumishi ajira inapoisha, kwahiyo rudi ukakiombe, hata kama mliachana vibaya. Mimi mwajiri wangu wa zamani alinizungusha miezi mitatu, nikaandika barua rasmi nikaacha nakala imegongwa mhuri wa kupokelewa, wiki mbili baadaye nikapewa.

17. Naomba serikalini kupitia Ajira Portal (mfumo wa mtandaoni wa Sekretarieti ya Ajira). Kujiajiri kunasaidia?

Kada za kuanzia mara nyingi zinaangalia kwanza elimu na sifa zilizotajwa kwenye tangazo, uzoefu binafsi haukuondolei upungufu wa cheti. Lakini weka, kwa sababu CV yenye maelezo ya kujitosheleza na wadhamini watatu wanaoaminika ni kati ya vitu ambavyo matangazo ya Sekretarieti ya Ajira yanavitaka. Angalia pia kigezo cha umri, mara nyingi ni usiozidi miaka 45 kwa asiye mtumishi wa serikali, na watu waliojiajiri muda mrefu wanakumbuka hilo wakiwa wameshapitiliza. "Statement of results" huwa hawapokei, tafuta cheti chenyewe. Tarehe za kwenye portal na za kwenye CV zilingane hadi mwezi.

18. Nilikuwa kwenye uvuvi wa makokoro (nyavu za kukokota zilizokatazwa). Niandike?

Uvuvi haramu usiuandike, na usitunge kazi nyingine kuufunika. Chukua ulichofanya kihalali ndani ya miaka hiyo: kuendesha boti, ufundi wa injini, kubeba na kupokea mzigo, kushona nyavu halali, kilimo cha msimu. Kiandike kwa muda wake halisi. Kama hakuna kabisa, bora ubaki na kimya cha miaka miwili na useme kwenye usaili "nilikuwa kisiwani kwenye uvuvi, niliacha", kuliko karatasi itakayokushitaki.

19. Wakiniuliza kwa nini unaacha biashara yako uje kuajiriwa?

Watauliza, hakika. Usiseme "biashara ni ngumu", inaonekana unakimbia na ukipata mtaji utaondoka. Sema unachokuja kufuata kwenye kazi hiyo hiyo. Mimi nilisema kwamba nimepokea, nimehesabu na nimelinda mzigo wangu mwenyewe kwa miaka 5, nikipoteza gunia nilikuwa nakula hasara mimi, na nataka kufanya kazi hiyo kwenye stoo kubwa yenye mfumo. Na ilikuwa kweli, nilikuwa nimechoka kulala na mzigo kichwani mwangu kila usiku. Tafuta sababu yako ya kweli uiseme kwa sentensi mbili.

Wakiuliza ulikuwa unajilipa shilingi ngapi, taja ulichokuwa unatoa kwa matumizi ya nyumbani kwa mwezi baada ya kurudisha mtaji. Mauzo usiyataje hapo (swali la 6).

20. Namba yangu ya simu ndo ile ile ya biashara, kuna shida?

Ipo, na imewakosesha watu usaili. Simu inapokelewa na binti wa dukani, anajibu "weka namba ya wakala", HR anakata. Au laini iko kwenye kile kisimu cha miamala na wewe uko Buhongwa. Weka kwenye CV laini unayotembea nayo, na ya pili iwe ya mtu wa nyumbani anayejua kwamba umeomba kazi. Kama huna budi kutumia ya dukani, mwambie binti kwa jina la kampuni, "wakipiga watu wa kiwanda fulani chukua jina, muda na namba, andika kwenye daftari la mkopo ukurasa wa mwisho, nitaangalia jioni".